Niliifundisha seva kusalimia, nusura dada akose oda ya sare

Wakuu, heshima kwenu. Hii sijasimuliwa, imenipata mwenyewe nikiwa sebuleni kwetu Handeni. Msinicheke kabla sijamaliza.

Mimi ni form four, mtu wa ndani. Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, nimejifunza mtandaoni, kwenye kochi hili hili.

Nilikodi kaseva kadogo, yaani kompyuta ya mbali inayohudumia wengine, nikaweka daemon ya email. Daemon ni programu inayokaa nyuma kimya, haitoki, inasubiri kazi iifuate. Tukaelewana haraka.

Wateja wangu wawili tu: dada Zaina, fundi cherehani wa Korogwe, na mjomba, muuza asali wa hapa Handeni.

Mjomba akaja na agizo: "Mteja akiandika ajibiwe palepale. Na asalimiwe kwanza, tusionekane hatujafunzwa."

Nikaandika script, kaprogramu kafupi, ya auto-reply, ajibu email yenyewe bila mtu: habari za huko, za nyumbani, ujumbe umefika. Zaina akaipenda, nikamwekea na yeye.

(Wajuzi mmeshaliona shimo. Tulieni.)

Sasa Zaina alikuwa anasubiri oda ya sare za shule nzima. Asipothibitisha kabla ya saa kumi jioni, oda anapewa fundi mwingine. Mchana akapiga simu.

"We mtoto, shule wanasema wametuma tangu asubuhi. Iko wapi?"

"Dada, labda mtandao..."

"Mtandao ni wewe!"

Nikafungua log, daftari la seva la kila kilichopita.

Asubuhi mjomba alimwandikia Zaina kuulizia kitambaa. Script ya Zaina ikamsalimia. Ile salamu nayo ni email, basi script ya mjomba ikaitikia, ikauliza za nyumbani. Ya Zaina ikajibu, nayo ikauliza.

Maelfu ya salamu, wakuu! Hakuna aliyekubali kunyamaza wa kwanza.

Disk imejaa pomoni. Email ya shule imefika mlangoni, ikaambiwa hakuna nafasi, rudi baadaye.

Nikazima script zote, nikafuta salamu zote. Seva ya mtumaji ikiambiwa irudi baadaye, hurudi. Lini? Ndiyo hapo jasho.

Zaina hakukata simu. Kila dakika anauliza kama imeingia.

Ikaingia! "Thibitisha oda ya sare leo." Basi. Hata hujambo hakuna.

Zaina akathibitisha, saa kumi haijafika. Mjomba nilipomsimulia akasikitika: "Shule nzima, hakuna anayejua kusalimia?"

Nilichojifunza: script isijibu email iliyoandikwa na script mwenzake, na mtu mmoja asisalimiwe mara mbili.

Haya, nani mwingine seva yake imewahi kumzidi adabu? Mwageni hapa chini. Salamu mnaweza kuziruka.