Ndimu ya Bibi na Jicho la Mdogo Wangu

Ilianza Jumatano, saa nne na robo asubuhi, katika maabara ya shule. Tulikuwa tunadondosha maji ya ndimu kwenye iodini, na ile rangi ya kahawia ikatoweka mbele ya macho yetu.

"Vitamini C hiyo," mwalimu wa kemia akasema. "Inaigawia iodini elektroni. Vitu vya namna hii huitwa vipunguzaji."

"Basi sisi wa Matsangoni hatufi," akadakia msichana wa nyuma. "Hata embe tunakula kwa ndimu!"

Tukacheka. Mwalimu akasema watafiti wanaijaribu vitamini hiyo kwenye seli za saratani ya jicho ya watoto wadogo, ndani ya visahani. "Lakini seli kufa kisahanini si mtoto kupona. Bado sana."

Mtu akauliza saratani hiyo hujulikanaje.

"Mara nyingi ni mboni kung'aa nyeupe kwenye picha. Kama jicho la paka."

Nikaiweka chini ndimu niliyoshika. Nyumbani, kitindamimba wetu huitwa na Bibi "paka wangu". Tulikuwa tukimpiga picha kwa simu ya mama, taa ikiwaka, makusudi, ili jicho ling'ae. Wageni walionyeshwa. Wakasema mashallah.

Mimi si msemaji. Wageni wakija, huweka chai nikakimbilia chumbani. Jioni ile nilimwambia mama nikitazama sakafu. Akakaa chini kama aliyesukumwa.

"Dawa yake ni ipi?"

"Wanajaribu vitamini C. Ile ya kwenye ndimu..."

Sikumaliza. Bibi, ambaye mafua yetu yote ameyatibu kwa ndimu, alikuwa keshakata moja. "Si mngesema mapema, wajukuu!" Akampakata mtoto, akamfunua kope.

"Bibi, usitie!"

Sauti ile ilikuwa yangu, na sikuijua. Ndimu ikaanguka, ikabiringika hadi mlangoni.

"Wamkemea bibi yako?" mama akauliza.

"Nisamehe, Bibi. Watafiti wanatia kwenye kisahani. Kisahani hakina macho."

Bibi alimpa mtoto kipande cha kaimati, kisha taratibu akalifunika kwa leso lile jicho jingine, lisilong'aa. Mtoto akaacha kutafuna. "Bibi?" akaita, akipapasa hewani, na Bibi yuko papo hapo mbele yake.

Hakuna aliyekula usiku ule. Picha zile bado zimo kwenye simu. Tulikuwa tukimwambia, "Cheka, paka, cheka."

Asubuhi tulikwenda hospitali Kilifi sote wanne. Dirishani muuguzi akauliza mgonjwa ana nini. Mama akajifunika uso kwa leso. Bibi akaniangalia mimi. Benchi zilikuwa zimejaa watu. Nikamnyooshea muuguzi simu yenye picha, nikasema kwa sauti waliyoisikia wote: "Mboni ya mdogo wangu inang'aa nyeupe, na jicho hilo halioni."