Shaba, dalali na safari ya mjomba

Leo asubuhi nilikaribia kuvunja safari ya mjomba wangu kwa kueleza kemia kupita kiasi.

Mjomba ni mfanyabiashara wa ngamia hapa Garissa. Kesho anatarajiwa Nairobi kupigwa picha itakayoonyesha kama saratani imesambaa mwilini. Alikuwa amekwisha kukubali.

Kisha mimi, mhitimu wa kemia, nikaongeza kwamba dawa ya mionzi atakayodungwa kabla ya picha hutengenezwa kwa msaada wa shaba.

Akaweka kikombe chini.

"Shaba iingie kwenye damu yangu? Siendi, abti."

(Kwetu mjomba na mpwa huitana abti.)

Mama alinitazama kwa namna ambayo sitaieleza hapa.

Nikajaribu upya. "Abti, shaba ni dalali tu. Huikutanisha dawa na chembe ya mionzi. Zikishikana, yenyewe hutoka."

Akacheka. "Dalali gani huondoka sokoni bila chake? Huyo wako anachukua nini?"

Nikamjibu kwamba hachukui kitu. Ila mabaki yake huweza kusalia, ndiyo maana wakemia huisafisha dawa na kuipima kabla haijamfikia mgonjwa.

"Umewaona wakiipima?"

"Hapana, abti. Nimesoma."

Akakichukua tena kikombe chake.

"Basi tutakwenda wote. Utawauliza mbele yangu. Wakikujibu ukaridhika, nitanyoosha mkono."

Sasa ninafungasha. Wakemia wenzangu mlio humu, mngekuwa mimi, mngeanza na swali lipi?