Sufi Isiyokauka

Baba alikuwa baharia wa jahazi la tanga, na mama alikuwa fundi wa magodoro ya sufi hapa Bigwa, chini ya milima. Watu waliuliza wawili hao walikutana wapi. Walikutana Dar es Salaam, msibani, basi.

Jahazini hakukuwa na kifaa cha kuokolea mtu zaidi ya pipa tupu lililofungwa kamba. Nahodha alisema roho iko mikononi mwa Mungu. Mama akajibu kwamba Mungu huyohuyo ndiye aliyeotesha misufi, akamshonea baba jaketi la kitambaa cha merikani lenye mifuko mbele na nyuma, akaijaza sufi. La kwanza alilishindilia kama godoro, maana kwetu godoro legelege ni aibu ya fundi. Baba akalijaribu mtoni, likamzamisha mpaka masikioni. La pili alilijaza kwa mkono mwepesi, hewa ikabaki ndani ya sufi, likaelea vizuri.

Kila baba aliporudi, jaketi lilikuwa limekunywa maji ya chumvi. Mama alilifumua, akaichambua sufi na kuianika uani, juu yake kipande cha chandarua isipeperuke. Baba alishamwambia nahodha kwamba hapandi jahazini bila jaketi lake, kwa hiyo hakuweza kuondoka mpaka ikauke, na jua la Bigwa halina ahadi: asubuhi linawaka, alasiri wingu linateremka mlimani. Kila jioni mama aliingiza vidole ndani ya sufi, akafikiri kidogo.

"Bado mbichi, baba watoto."

Basi baba akabaki. Akatengeneza banda la kuku, akatumenyea mananasi ya Kinole, akatufundisha mafundo ya kamba. Safari moja, siku ya nne, nikamwona anakunja nguo zake. Nikachota kata ya maji nikainyunyizia sufi. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, kisha akarudi jikoni kukoroga mboga.

Ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Maduka ya mjini yakajaa magodoro ya sponji yenye maua, na wateja wa mama wakapungua mmoja mmoja. Hilo alilivumilia. Kisha baba akaja na jaketi la rangi ya chungwa, la kutoka nje, ambalo tajiri wa jahazi aliwanunulia mabaharia wote. Alilivaa sebuleni, akapuliza filimbi iliyoning'inia begani, sisi watoto tukacheka mpaka machozi. Mama alilibonyezabonyeza.

"Hili linakauka siku ngapi?"

"Halianikwi, mama watoto. Unalipangusa tu."

Kesho yake asubuhi akaondoka.

Mwaka uliofuata jahazi lilipinduka, na jaketi lile likamshikilia juu ya maji mpaka akaokotwa. Nalishukuru kwa moyo wangu wote. Nalichukia pia, na sioni haya kusema, kwa sababu tangu liingie nyumbani baba alikaa kwetu siku mbili, mara nyingine moja, na nilikuwa na hamu naye hata alipokuwa ameketi mbele yangu anakula.

Nilipokuwa mtu mzima, baba ameshazikwa, nilimuuliza mama kama sufi kweli huchukua siku zote zile kukauka. Akasema hukauka kwa siku moja. Kukiwa na wingu, mbili.

Nikamuuliza kama baba alijua.

"Alijua," akasema mama. "Aliyekuwa hajui ni nahodha."