Ukucha wa Rafiki Yangu

Ningaliweza kukataa. Kaka yangu mkubwa hakunishika shati wala hakunitisha. Aliniambia tu nisinywe chochote kitakachomiminwa na rafiki yangu, nami nikakubali, mwalimu mzima mwenye diploma.

Rafiki huyo tulifundisha pamoja shule ya msingi huko Kadutu, mjini Bukavu, milango ya madarasa yetu ikitazamana. Yeye alitoka Plaine, kule bondeni upande wa Kamanyola. Mimi ni mtu wa milimani. Kwa miaka sita hilo halikuwa neno. Kisha direkta wetu, mkuu wa shule, akaanza kukohoa, akakonda, akafa, na rafiki yangu akapewa kiti chake. Hapo ndipo watu walipokumbuka alikotoka. Walimu waliokitamani kile kiti walikataa kumwita kwa heshima citoyen direkta. Walisema "yule wa Plaine". Nami nilikitamani, ila sikumwambia mtu.

Katika Bukavu yetu, mtu akikonda polepole, watu hawaulizi anaugua nini. Wanauliza alikunywa kwa nani. Sumu hiyo tunaiita karuho, na kwa sababu yake mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo ampe. Akimeza, mgeni ana amani. Lakini kaka yangu alikuwa na jibu hata kwa hilo.

"Petit, mudogo wangu, batu ba Plaine banafichaka karuho chini ya bukucha. Ataonja muzuri. Kisha anakupa kikombe, kidole kinaingia kadogo tu, na weye unasema aksanti."

"Yaya," nikamwambia kaka yangu, "huyu ni rafiki yangu."

"Na ule direkta alikuwa adui yake?"

Tangu siku hiyo nikawa natazama vidole vya watu: vya muuza samaki, vya padri akigawa komunyo, hata vya mke wangu akisonga ugali.

Jumamosi moja, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara, rafiki yangu alitualika kwake tufurahie cheo chake. Walimu walikuja, na wazazi wa wanafunzi. Bidoni ya kasiksi ilikuwa katikati ya uwanja, pombe ya ndizi iliyopikwa na mke wake. Kila mtu alishika kikombe kitupu. Hakuna aliyetaka kuanza. Walinitazama mimi, na nilijua sababu: nikinywa, watakunywa, nikikataa, yeye ndiye aliyemuua direkta.

Akamimina, akaonja, akameza kwa sauti, kisha akaachama kinywa wazi kama mtoto aliyepewa kidonge cha kinini. Watu wakacheka kidogo.

"Munaona? Bado niko muzima! Anza weye, mwenzangu, balimu bako na kiu."

Akaninyooshea kikombe. Kidole gumba chake kilikuwa ukingoni, ukucha wake mweusi tii, umeinuka nusu. Ukucha ule niliujua. Majuma mawili nyuma aliupiga nyundo juu ya paa langu, akinisaidia kupigilia mabati. Alitukana kwa lugha ya kwao, nami nikacheka hata nikakaribia kuanguka ngazini. Nilijua. Hata hivyo, mkono wangu haukwenda.

"Tumbo inaniuma leo," nikasema.

Alitazama mahali nilipokuwa nikitazama. Akakunja kidole ndani ya ngumi.

"Tumbo," akasema. "Sawa, papa."

Hakuwahi kuniita papa, neno la heshima kwa mtu usiyemzoea. Akakinywa kile kikombe hata tone la mwisho, amesimama. Nyuma yangu nilisikia vikombe vikiwekwa chini, kimoja kimoja, na mama mmoja akimwita mwanawe watoke.

Jumatatu wanafunzi walikataa maji ya mtungi uliokuwa mlangoni pa ofisi yake. Maandazi aliyoyauza mke wake shuleni yalirudi nyumbani yamejaa beseni. Kabla ya Pasaka aliomba uhamisho, wakampeleka Luhwindja. Hakuja kuniaga. Baadaye sana nilikutana na muuguzi aliyemtunza direkta wa zamani, akaniambia ilikuwa kifua kikuu, wala yeye muuguzi hakukificha, ila hakuna aliyemuuliza.

Kiti nilipewa mimi. Siku niliyowamiminia walimu wangu, nilionja, nikameza, nikaona macho yao yameshuka kwenye kidole gumba changu. Hata kaka yangu, alipokuja kunipongeza, alisema tumbo lake si zuri.

Mabati aliyoyapigilia rafiki yangu yangali juu ya kichwa changu, na hayavuji. Yeye alifia huko Luhwindja. Habari zilinifikia akiwa ameshazikwa. Sikuwa na rafiki mwingine kabla yake, wala sikupata mwingine baada yake. Nilimtoa yeye, nikapata kiti, na tangu hapo hakuna aliyekunywa kwangu bila kutazama vidole vyangu.