Bangili ya Flavia Ilivyokwenda Sokoni Bila Flavia

Mjukuu wangu Flavia alipewa ruhusa ya kutoka hospitali kwa sababu jana yake alikuwa ametembea hadi sokoni na kurudi.

Na mtoto mwenyewe alikuwa hawezi hata kujigeuza kitandani.

Ngojeni kwanza, msicheke.

Uhuru wetu ulikuwa bado mchanga, bunduki zikalia tena hapa Juba. Tulipokuwa tunakimbia kutoka mtaa wetu wa Atlabara, Flavia akakanyaga bati. Kidonda kidogo tu. Lakini homa ikampanda, akaanza kuongea na babu yake aliyekufa zamani.

Hospitalini wakasema uchafu wa kidonda umeingia kwenye damu.

Nesi Santina hakuuliza sisi ni kabila gani. Alimchoma dawa papo hapo, kisha akanipa kigoda chake, akasimama yeye.

Kesho yake akaja Daktari Ayom, kijana aliyelelewa Kenya. Alikuja na mradi.

"Shosh," akaniita, hivyo ndivyo wanavyoita bibi kule, "kila mwili una saa yake. Kuna wakati unapigana, kuna wakati umechoka. Dawa ya kuua wadudu haingoji saa. Lakini chakula, usingizi, hata kwenda nyumbani, tutapanga kwa saa ya Flavia. Yake peke yake, si ya jirani."

"Na hiyo saa iko wapi?"

"Hii hapa." Akamvika bangili nyeusi inayopeleka habari zake kwenye kompyuta.

Nilifurahi sana. Maji tulinunua, pamba tulileta wenyewe, taa zilikuwa mapambo. Lakini saa ya mwili tulikuwa nayo!

Tatizo, mkono wa Flavia ulivimba kwa dripu. Bangili ikambana, akalia. Nikaivua, nikaivaa mimi.

Mnanishangaa nini? Kwetu anayeuguza hubeba kila kitu cha mgonjwa: ndoo, mkeka, sufuria, hata matusi ya askari wa getini. Nikaona na bangili ni mzigo wake, acha nimbebee.

Daktari akaanza kusoma.

"Flavia anaamka kabla ya jogoo! Mpeni uji saa hiyo."

Tukamwamsha, akautapika.

"Usiku halali kabisa. Ana nguvu huyu!"

Wenye mradi wakaja kupiga picha. Mgonjwa wa ajabu.

Kisha majeruhi wakaletwa wengi, vitanda vikaisha. Ayom akasimama mbele yetu.

"Flavia aende nyumbani leo. Joto safi, mapigo yana nguvu. Jana ametembea mpaka soko la Konyo Konyo."

"Nani? Huyu? Hata kugeuka namgeuza mimi!"

"Shosh, usibishane na kompyuta."

Flavia akaninong'oneza, "Jjajja," yaani bibi kwa Kiganda, "nasikia baridi."

Santina akamwekea mkono shingoni. "Daktari, malesh, samahani, huyu anaungua. Njoo umguse."

"Sister, bangili inasema..." Akanyanyua mkono wa Flavia atuonyeshe.

Mkono mtupu.

"Bangili iko wapi?"

Nikaweka sufuria chini, nikanyoosha mkono wangu.

Halafu mama wa kitanda cha pili akapasuka kicheko. "Kumbe ni haboba, huyu bibi, aliyepona! Haboba, funga mizigo yako, nenda nyumbani!"

Ayom akaweka kiganja kwenye paji la uso la Flavia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumpima homa kwa mkono. Akaita vifaa hapohapo.

Wakakifungua kidonda upya. Usaha ulikuwa umejificha ndani kabisa. Wakausafisha, wakabadilisha dawa, na siku zilizofuata homa ikashuka. Leo Flavia anauza simu kwenye soko la Jebel na maringo tele.

Lakini siku ileile, walipokwisha kumfunga kidonda, Ayom alikuja akakaa sakafuni karibu nami.

"Shosh, nimesoma tena. Mwili huu haujalala tangu uvae bangili. Moyo unarukaruka. Mimi nikaita nguvu."

"Kumbe ni nini?"

"Ni kwamba mgonjwa mwingine alikuwa mbele yangu, na kila siku nilimpita nikimsalimia."

Akatandika koti lake jeupe sakafuni. "Lala. Flavia nitamwangalia mimi."

Nililala mchana kweupe, kama mtoto. Nilipoamka alikuwa bado ameshika mkono wa Flavia, anampepea kwa jalada la mradi.

Somo langu ni hili. Vipimo vije, tunavitaka. Lakini kabla hujasoma saa ya mtu, mguse kwanza mwenyewe. Na wewe unayeuguza, mtu akikwambia lala kidogo, lala.