Mrija Niliomnyima Mdogo Wangu

Shida ilinianza mwaka 1972, nina miaka kumi na moja. Wanajeshi wa kwetu Burundi walimchukua baba shambani, jembe likabaki limesimama kwenye tuta. Mama akavuka mpaka na mdogo wangu mgongoni, mimi nyuma. Tanzania ikatupa msitu nje ya Mpanda, tukaufyeka. Shule niliishia darasa la tatu na sioni aibu. Tumbaku haiulizi cheti.

Mdogo wangu nilimlea mimi. Nilimfundisha kufunga majani ya tumbaku kwenye fito, nikamfundisha baiskeli. Aliniita Mukuru, yaani kaka mkubwa, hata tukiwa tunagombana.

Mwaka 1993 redio ikasema kule kwetu watu wamepiga kura, wamepata rais wao. Mama alicheza uani na mwiko mkononi. Miezi michache tu, redio ileile ikasema wanajeshi wamemuua. Mdogo wangu alikuwa juu ya fito, ndani ya bani la kukaushia tumbaku. Akashuka.

"Mukuru, wale walipiga kura. Wenzao wakapiga risasi. Sasa unataka wapige nini, magoti?"

"Wewe piga jembe."

"Baba alilipiga."

Nikamtukana.

Vijana wa makazi yetu walikuwa wameanza kuondoka kwenda kupigana. Kwetu, anayekwenda safari ya hatari hunywa kwanza pombe ya mtama na mkubwa wake, kwa muheha mmoja, ule mrija mrefu wa kutumbukiza chunguni. Mkubwa ananyonya, anampa, na anamwachia agizo moja ambalo mdogo hathubutu kulivunja. Mama akapika pombe. Ilipoiva, mdogo wangu akaja kukaa mbele ya chungu, mchana kweupe, kavaa raba.

"Nipe, Mukuru."

Nikanyonya. Halafu nikauchomoa muheha, nikaukalia.

"Umeukalia kama kuku anaatamia," akasema, akacheka. "Utaangua nini?"

"Bila huu huendi."

Mama akanigeukia. "Mpe mwenzako. Ukimnyima humzuii, unamwacha aende uchi."

Sikumpa. Nilijiona nina akili sana. Nilidhani mila itamfunga miguu, nami nitakuwa nimekwepa swali lake. Alingoja mpaka povu likaisha chunguni. Akainuka, akaegemeza baiskeli yake ukutani vizuri, akaondoka kwa miguu.

Swali lake nimelijibu nikiwa mzee. Alikuwa na haki. Mtawala anayeua wakulima, kisha akaiua na kura yao, hajaacha mlango wa kubisha hodi. Hapo mtu anavunja ukuta. Ambaye baba yake alikufa kitandani asinihubirie.

Lakini miaka ya mwisho mwisho ya tisini alirudi mmoja wa wale vijana. Akaniambia nyumba za maskini zilichomwa na pande zote mbili, watu wakiwa ndani. Nikamuuliza, "Na mdogo wangu alichoma?" Akatazama chini. "Mzee, hatukuwa kikosi kimoja."

Basi, hilo ndilo linaloniuma. Bunduki ilikuwa haki yake, ila mwenye haki naye anahitaji mtu wa kumwambia mwisho uko wapi. Mtu huyo nilikuwa mimi. Ningempa muheha ningemwagiza: usimguse mama wa mtu. Na angeshika, namjua. Nilimnyima mrija nikajinyima kauli.

Hajarudi. Mama mpaka anakufa, kengele ya baiskeli ikilia barabarani alikuwa anainua kichwa. Siku hizi nainua mimi.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya tofali za kuchoma Nsemulwa, hapa Mpanda, bati halivuji. Ekari sita za mpunga Sitalike. Mashine ya kukoboa. Ng'ombe wanne. Karatasi ya uraia wa Tanzania. Baiskeli yake, mnyororo nautia mafuta. Muheha mmoja.