Iifaa ya Azza

Mabruka binti Hamdun alizaliwa Mkunazini, Unguja, akaletwa Nizwa, Omani, akiwa na miaka kumi. Alisomesha hesabu hadi alipostaafu, na tangu afiwe na mumewe hakuna aliyemsikia akilalamika. Kiarabu cha serikali alijifunzia kwenye taarifa ya habari, na huko "iifaa" ilikuwa na maana moja: fulani kaondolewa kazini.

Mwaka ule wa corona, bintiye Azza alikuwa amejifungia chumbani, anakohoa. Utafiti wake wa maji ya mifereji ya Mudhaibi uligharimiwa na serikali, na ripoti ya mwisho ilitakiwa Juni. Lakini barabara zilikuwa zimefungwa, na maabara ya chuo pia.

Asubuhi moja Azza alisema nyuma ya mlango, "Mama, barua imekuja. Sisi wote wametupa iifaa." Kisha akalia.

Mabruka hakuuliza. Mwenye jeraha hatoneshwi. Simu ilipolia, alikuwa ni wifi yake Asya, yuko mji wa Ibra.

"Sauti gani hiyo, wifi? Umekula ndimu?"

"Azza ameacha kazi. Kwa hiari yake. Anataka kupumzika."

"Azza? Huyo hata homa huipangia ratiba!"

"Ndiyo nimekwambia."

Mchana alipika uji wa pilipili manga, akauweka mlangoni, naye akakaa chini sakafuni, ingawa magoti yalimkataza.

"Mwanangu, kuondolewa si aibu. Aibu ni kuiba. Wewe hukuiba."

"Nani ameondolewa?"

"Si umesema iifaa?"

Azza akacheka hadi kikohozi kikamkamata.

"Mama! Iifaa ya ripoti, yaani wametusamehe! Juni hatupeleki kitu. Wameongeza miezi sita, na muhuri hawataki, sahihi ya kwenye simu inatosha. Na msaidizi wangu Shahad anabaki."

"Sasa ulilia nini?"

"Nilifikiri miaka yote mitatu ya utafiti imepotea. Nililia furaha, Mama."

Mabruka aliweka kiganja kwenye mlango, akakiacha hapo.

"Kunywa uji, unapoa," alisema. "Nami nimeshamwambia shangazi yako kwamba umeacha kazi."

"Mama!"

"Najua."

Miaka thelathini na minne ya uwifi, hajapata kumwambia Asya neno "nimekosa". Alizunguka sebuleni mara mbili, akapiga simu.

"Wifi, nimekudanganya. Nilidhani mtoto kafukuzwa, nikaona haya. Kumbe wamempa nafasi amalize kazi yake. Nimekosa."



"Ungeniambia, ningelia nawe," Asya alisema. "Sasa mimi nimeshawaambia Ibra nzima. Nimewaambia kachoka, maskini, wamwombee dua."

"Wote?"

"Nimebakisha wafu. Utanisaidia kuwapigia walio hai, mmoja mmoja."

Mabruka akavaa miwani, akavuta karatasi.

"Haya, nitajie wa kwanza."